Mwaka Tulioipima Mashini ya Kambale

Siku tuliyomzika Mama Marthe, Kahindo ndiye aliyenipakulia chakula. Nilikuwa nimetoka Beni asubuhi, nimefika Butembo nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na tuliporudi kutoka makaburini nikajikalia kwenye kiti cha plastiki uani, kule Bulengera, katika nyumba ambayo niliishi mwaka mmoja tu. Akina mama walikuwa wanazunguka na masufuria, na kila mmoja alikuwa anauliza neno lile lile: "Mukamwana iko wapi? Muulize mukamwana." Mukamwana, mke wa mtoto wa marehemu, ndiye Kahindo. Yeye ndiye aliyejua chumvi iko wapi, nani hajala, mchungaji akalishwe upande gani. Akanijia na sahani ya maharage na viazi, akakunja magoti kidogo kama tunavyofanya, akasema, "Masika, kula dada yangu, umetoka mbali." Sahani ilikuwa ya moto, sauti yake ya upole, macho yake mekundu kwa kulia. Na mimi, mama mtu mzima mwenye miwani, shemasi kanisani kwetu, mwenye studio yangu na wafanyakazi wangu, nikashikwa na wivu. Jamani! Nilidhani wivu unazeeka pamoja na mtu. Wapi! Mumewe, Kambale, alikuwa amekaa na wanaume chini ya turubai, mvi zimemjaa, akanipungia mkono na kuuliza kwa sauti ya kuchoka, "Masika wa Beni, studio inaenda?" Nikamwambia inaenda. Kisha nikala, maana nilikuwa na njaa.

Mwaka ule tulikuwa wasichana wawili katika chumba kimoja, mimi na Kahindo, tukisomea mambo ya kompyuta katika taasisi moja ya mjini. Mimi natoka Lubero, kwenye baridi ya kupasua midomo. Yeye anatoka Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, kule jua halina huruma. Mama Marthe alitupangisha chumba cha nyuma, kilichotenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao, na nyufa za mbao tulikuwa tumezijaza karatasi za magazeti. Kahindo alilala upande wa dirisha kwa sababu alifika wa kwanza, na hilo nalo lilinikera. Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, palikuwa na mashini ya Kambale. Yeye alikuwa mtoto wa nyumba ile, fundi wa kompyuta mwenye meza yake karibu na soko, na kompyuta ile aliiunda mwenyewe kwa vipande alivyovikusanya huku na huku. Haikuwa na ubavu mmoja. Ukikaa karibu uliona feni ikizunguka na waya zikining'inia. Ilisimama juu ya kitambaa cha kufuma cha mama yake, na kila asubuhi tulikunywa chai tukisikiliza ugomvi ule ule: "Kitambaa yangu ya ndoa, Kambale, unaikalisha chuma juu!" Naye anajibu, "Mama, chuma hii itatulisha." Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilimpenda Kambale. Nilimpenda, basi. Sikumwambia, na hakuna aliyeniuliza.

Alikuwa anatufundisha montaji, kazi ya kuunga picha za video za harusi na za kwaya, kukata hapa, kutia muziki pale, halafu mashini inaiandika upya filamu nzima picha moja moja mpaka iishe. Tulikuwa wawili na kiti kilikuwa kimoja. Kahindo akikaa, mimi nasimama nyuma yake nikihesabu makosa yake kimoyomoyo. Na taabu ni kwamba yalikuwa machache. Alikuwa na tabia ya kuimba chinichini nyimbo za kwaya akifanya kazi, na Kambale, aliyekuwa ameinama mezani akichomelea kitu, alikuwa anaitikia kwa besi bila hata kujua kwamba anaitikia. Nisiseme uongo, ile besi ilinichoma. Siku moja nikajaribu na mimi kuimba nikiwa kitini. Kambale akainua kichwa, akaniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza kama nimeshikwa na mafua. Mpaka leo sijaimba tena mbele ya mtu, hata kanisani nafungua mdomo tu.

Basi akaja Papa Saidi. Alikuwa mfanyabiashara wa Beni, Mwislamu, mwenye malori, na Kambale aliwahi kumtengenezea kompyuta ya ofisi yake. Mama Marthe alimwekea chai ya tangawizi na mikate ya mafuta, naye akakaa pembeni mwa mashini akiitazama anavyotazama injini. Alitaka kufungua studio ya harusi pale Beni, na alitaka mtu mmoja mwenye mashini yake. "Mi sijue mambo ya kompyuta," akasema. "Mi ninajua lori. Lori inapita ao haipite. Donc, muje Beni na picha za ndoa moja. Nikienda kuswali adhuhuri, munaanza kuiandika. Mbele ya alasiri ninataka nione filme nzima kwa televizyo yangu. Ikifika, mutu na mashini yake banabaki kwangu. Isipofika, kila mutu kwao." Kambale akakuna kichwa akasema yeye haendi. "Mi ni mutu wa kufungua mashini, Papa, hapana wa kuangalia bibi-arusi siku muzima. Lakini mashini itaenda, na mumoja wa hawa badada ataenda nayo." Kazi niliitaka, ndiyo, nani asingeitaka? Lakini nilipiga hesabu nyingine. Kambale hakuwa mtu wa kumaliza juma bila kuifungua ile mashini, kuipangusa, kuisikiliza. Atakayekwenda nayo Beni, Kambale atamfuata. Niliona jambo hilo waziwazi kama naliona barabarani, na nikamwangalia Kahindo nikajua kwamba hataipata.

Shida ilikuwa mwendo. Kwa mwendo ambao prosesa yake, ule moyo wa kompyuta, ilitoka nao kiwandani, mashini ile haikuweza kuandika filamu ya harusi nzima kati ya swala mbili. Kambale akasema itabidi kuipandisha: unaingia kwenye ukurasa ule wa bluu inapowaka, unaiamuru prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa na walioitengeneza. Kuipandisha ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kuipima, ujue kama itavumilia. Mashini iliyopandishwa itakuwakia vizuri, itakufungulia picha, itakuchekea, halafu katikati ya filamu inaganda, skrini inakuwa ya bluu yenye maandishi meupe, na kazi yote imepotea. Kwa hiyo unaiwekea programu ya kuitesa, inayoipa hesabu kubwa kubwa bila kupumzika, unakaa unaitazama na kipimo cha joto kinapanda. Ikifika mwisho bila kuganda, Kambale anasema "iko stable", na neno lile alilisema kwa utamu ambao mimi sikuwahi kuambiwa neno lolote kwa utamu huo. Umeme tuliupata kwa seremala jirani. Alikuwa anawasha jenereta yake saa tatu asubuhi, na saa sita akienda kula anaizima, muda karibu sawa na ule wa kati ya swala mbili. Kwa hiyo tulipima asubuhi, ukungu bado umelala uani, sisi tumejifunga mablanketi mabegani, pumzi zetu zinaonekana. Kambale akatugawia: juma moja Kahindo aipange anavyotaka, juma moja mimi. Ambaye mpango wake utafika, ataenda Beni.

Kahindo alianza. Alipandisha kidogo, akapima asubuhi nzima. Akapandisha kidogo tena, akapima. Alikuwa anachungulia kile kipimo cha joto kila mara, na kikipanda tu, anarudi nyuma. Mama Marthe alimletea uji palepale mezani. Mimi sijawahi kuletewa uji mezani. Mwisho wa juma mashini yake ilikuwa haigandi kabisa, lakini filamu haikumalizika kabla seremala hajazima jenereta. Nilisema pole. Nilisema pole vizuri sana, hata nikamshika bega. Juma langu likaja, nami nikapandisha bila kuomba ruhusa. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili iliwaka ikaganda. Nikaiongezea nguvu ya umeme kidogo, nikapangusa ile pomadi nyeupe iliyo kati ya prosesa na chuma chake nikapaka mpya, nikaelekeza feni ya mezani ndani ya ubavu ulio wazi, nikakaa nimejikunja kwa baridi. Asubuhi moja programu ikafika mwisho. Kesho yake filamu ikafika mwisho, na jenereta ya seremala ilikuwa bado inanguruma, saa sita bado iko mbali. Kambale akapiga makofi. "Masika! Iko stable, iko stable!" Alinipiga mgongoni kama mtu anavyompiga mwenzake wa mpira, nami nikalihifadhi pigo lile siku nyingi.

Jioni ile nilikuwa kitandani, nimejifunika, Kambale na mama yake wakiwa sebuleni wakichambua maharage. Karatasi za magazeti hazizuii sauti. Nikamsikia Mama Marthe: "Huyu wa Lubero iko na akili, sikatae. Mais iko na haraka. Akipika viazi anaondosha mbele iive." Kambale akacheka. "Na wa Kamango?" "Ule anangoja." "Mama, unasema juu ya viazi ao unasema juu ya mashini?" Na Mama Marthe, Mungu amlaze pema, akajibu, "Mi ninasema juu ya nyumba." Kambale hakucheka tena. Nilisikia maharage tu yakianguka kwenye bakuli. Nikageukia upande wa dirisha, na pale Kahindo alikuwa amelala chali, macho wazi, amesikia yote kama mimi. Ningejua namna ya kumchukia mtu bila sababu, ningemchukia palepale, lakini hata sababu hakunipa.

Asubuhi ya kufunga mizigo ndipo aliponiambia. Nilikuwa naifunika mashini kwa blanketi ili isitikisike njiani. "Masika, hapa tumeipima mu baridi," akasema. "Asubuhi, na brouillard, ukungu ya hapa. Beni ni joto. Saa sita ya muchana, chini ya mabati, ni kama uko ndani ya chungu. Mi nimekomalia mu joto, ninaijua. Haitafika." Nikamwangalia. Sisi watu wa Lubero joto tunalijua la jikoni tu. Nilikwenda Beni mara moja, siku ya mvua. "Sema tu kweli, Kahindo," nikamjibu. "Inakuuma." Akavuta pumzi. "Inaniuma, njo. Mais joto itakuwa joto tu." Nikakaza kamba. Nilimwona ni mtu aliyeshindwa, basi, na kwa kuwa alikuwa anakwenda kwao Kamango kwa likizo, na njia inapita Beni, tukaondoka sote watatu, Kambale ameipakata mashini kama mama aliyepakata mtoto.

Duka la Papa Saidi lilikuwa chumba kimoja cha mbele, mabati juu bila dari, dirisha dogo lenye nondo, na nyuma yake kijumba cha kulala. Alitukaribisha kwa wali na nyama ya mbuzi, na mke wake akatuletea maji ya ndimu. Nilikula mikono ikitoka jasho. Sauti ya adhana ya adhuhuri ilipoanza, Papa Saidi akavaa kofia yake akatoka, nami nikabonyeza. Filamu ikaanza kuandikwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, na meza ilikuwa ya moto. Nilitazama kipimo cha joto kikipanda kuliko kilivyowahi kupanda Butembo, kinapanda tu, kama mtu anayepanda ngazi bila kuangalia nyuma. Halafu skrini ikawa ya bluu. Nikaiwasha tena, nikaanza upya, nikiiambia kwa sauti, "Twende, twende, mama." Ikaenda kidogo, ikaganda na sura ya bibi harusi mdomo wazi. Kambale akainama, akagusa chuma cha prosesa, akaondoa kidole haraka. Mimi nilikuwa kitini. Mimi ndiye niliyeipandisha, mimi ndiye niliyejua kila namba. Na Kambale akageuka, akanipita mimi kwa macho, akauliza, "Kahindo, tufanye namna gani?"

Nimeishi na lile swali miaka mingi. Watu wamenifanyia mabaya zaidi ya hapo, na nimeyasahau. Kahindo hakujidai hata kidogo, laiti angejidai! "Shusha kidogo," akaniambia. "Hapana yote, Masika, kidogo tu. Na munipe maji." Akafungua kikwembe chake cha juu, kile ambacho wanawake wetu hukifunga juu ya kingine, cha kijani chenye maua ya njano, akakichovya kwenye ndoo, akakitundika dirishani kwenye nondo. Feni akaiweka nyuma ya kitambaa, ipulize kupitia mle kwenye maji, upepo uingie kwenye ubavu wa mashini. "Kwetu banafanya vile mu chumba ya mutoto mwenye homa," akasema. Nikashusha mwendo kidogo, nikabonyeza kwa mara ya tatu. Kila kikwembe kikianza kukauka, Kahindo alikimwagia maji, na Kambale alikuwa anamtazama. Hakuitazama mashini, ile mashini ambayo asingeiacha kwa juma moja. Alikuwa anamtazama yeye, mkono wake wenye kikombe cha maji, na mimi nilikuwa nawaona wote wawili kwenye kioo cha skrini, juu ya bibi harusi wa watu. Kipimo cha joto kikapanda, kikasimama, kikabaki palepale.

Papa Saidi alirudi, akakaa mlangoni, akaanza kuangalia saa yake. Filamu ilipomaliza kuandikwa na diski ikatoka, mwadhini alikuwa bado hajaanza. Papa Saidi akaitia kwenye televisheni, akatazama mwanzo, akaruka katikati, akaruka mwisho, mama wa bibi harusi akicheza na ufagio. Akacheka. "Imepita! Nani ameifanya?" Nikafungua mdomo, na Kahindo akanitangulia. "Ni Masika, Papa. Njo yeye alitafuta mwendo. Mi nimetoa tu nguo." Alinipa mbele ya watu kile nilichokuwa nakitaka, kwa mikono miwili, bila kinyongo, na niliona wivu ukiniingia mpaka kwenye kucha, kwa sababu mimi nisingeweza kufanya vile. Ningekuwa mimi, ningesema ni mimi. Papa Saidi akanishika mkono. Kazi ilikuwa yangu.

Kambale akafunga mizigo yake midogo. "Sasa iko stable," akaniambia, na utamu ule ule kwenye lile neno. "Hapana gusa kitu. Nguo ibaki palepale, saa sita unaimwangia maji. Haitakusumbua tena." Nikamuuliza, "Utakuja kuipima siku gani?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli, maskini, hakuwa mtu mbaya. "Ya nini? Kitu yenye iko stable hauipime tena." Kisha akachukua begi ya Kahindo begani. "Nasindikiza Kahindo mpaka Kamango. Nisalimie baba yake." Papa Saidi akaguna kwa kucheka. Kwetu sisi, kijana akienda kumsalimu baba wa msichana, hakuna anayeuliza kwa nini. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari, nikamkumbatia Kahindo, akaninong'oneza, "Wasingya, Masika," asante kwa lugha yetu, na sikuelewa ananishukuru kwa lipi.

Kabla mwaka haujaisha, ilifika studio kwangu bahasha ya kanda za video kutoka Butembo. Kambale alinipigia simu: "Ni weye tu tunaaminia, Masika. Utuunganishie ndoa yetu vizuri." Sikuhudhuria harusi ile, nilisema kazi ni nyingi. Sasa harusi ilikuwa imenifuata. Nilikata, nikaunga, nikatia nyimbo za kwaya, na siku ya kuiandika nikabonyeza saa sita, jua limesimama juu ya mabati. Ningeweza kuipandisha mwenyewe mpaka igande, nilizijua namba zote. Lakini nilitaka ianguke yenyewe, ili nikimpigia kumwambia "mashini yako imeharibika, kuja", isiwe uongo. Kile kikwembe cha kijani kilikuwa bado dirishani, kimechujuka maua yote. Nikachukua ndoo nikakimwagia maji, kwa sababu kazi ni kazi, nikakaa kwenye kiti nikamwomba Mungu igande. Kahindo akapita kwenye skrini, picha moja moja, anaingia kanisani, anainama, anacheka, Kambale anamvisha pete, Mama Marthe anampokea mlangoni na kumwita mtoto wangu. Niliomba mpaka mwisho wa filamu. Haikuganda hata mara moja.